Ndege wa Shilingi Elfu Sita

Umeme ulikatika saa tatu, Kirumba nzima ikazimika kama imepulizwa,
na mwalimu Ndaturu, anayenidai subira
kwa sangara wawili wa moshi aliowala tangu Septemba,
akaniambia: Mama Nyanzala, panda juu ya jiwe,
leo nakulipa.

Nikapanda. Jiwe bado lilikuwa na joto la mchana,
likanishika nyayo kama chungu kilichoepuliwa.
Ziwa tukalipa mgongo; huko wavua dagaa
walikuwa na taa zao, wao hawakatiwi.
Vuli ilikuwa imetuachia usiku mmoja bila wingu.
Tukatazama kusini, juu ya Igogo, juu ya Mkuyuni,
juu ya giza la watu wanaotafuta viberiti.

"Unaiona ile, nyekundu kidogo, kama kaa lililosahaulika?"
Niliiona.
"Hiyo ni Anka. Ni shingo ya ndege."
Mabawa sikuyaona. Akanyoosha kidole hapa, pale,
akayachora kwa nyota dhaifu kama chumvi
iliyomwagika ikafutwa vibaya.
Kilimia naijua, mtu akiiona anashika jembe.
Hii haimwambii mtu kitu, hailimi, haivui.
"Anaitwa Finiksi," akasema. "Ndege asiyewahi kuwapo.
Huzeeka, hujichoma, na jivuni humo
hutoka yeye mwenyewe, mpya."

Nikacheka mpaka jirani akauliza kuna nini.

Mwalimu, mimi jivu nalijua.
Nachota madebe mawili kila usiku chini ya tanuri,
nasugulia masufuria, nampa Bibi Kwilasa la kuhifadhia maharage,
linaingia kwenye kucha, kwenye chai, kwenye mto wa kulalia.
Sijaona hata kifaranga.

Na baba yangu Lusangija, mhunzi wa Igogo,
ambaye nyundo yake ilijulikana hadi ng'ambo, Sengerema,
kaka yangu alipofilisika, fuawe ikauzwa kwa kilo,
watu hawakusema mengi. Walisema: moto huzaa jivu.
Nilikuwa nimesimama pale, beseni kichwani.
Neno halikuwa langu lakini liliniangukia na mimi,
kama masizi, yasiyochagua shati.

Kwa hiyo niliposikia habari ya jivu lizaalo moto
kicheko kiliniishia. Nikaitazama tena ile nyota.
Ilikuwa pale, peke yake, haijali methali.

Kisha umeme ukarudi.
Mji ukapiga kelele kama timu imefunga bao,
redio zikaanza katikati ya maneno,
na ndege akazimika,
si kwa maji wala upepo, kwa taa
za baa na vituo vya mafuta.
"Subiri," mwalimu akasema, mkono bado juu,
akiwaonyesha mbu njia.

Nikashuka. Tanuri lilikuwa limepoa nusu.
Nikafanya nifanyavyo kila usiku:
kaa moja kubwa, la mgunga,
nikalilaza, nikalifukia kwa jivu jingi,
nikapapasa juu yake, taratibu, kama amelala mtoto.

Saa kumi alfajiri nafukua kwa kijiti.
Lipo.
Jekundu kidogo.

Na elfu sita yangu, mwalimu, nayo ipo.
Mabawa sijayaona bado, ndege ni nusu.
Nikipiga hesabu vizuri,
umelipa elfu mbili.