Kipimo cha Saa Mbili

Amekuja na njaa yake kama alivyoagizwa,
Bwana Wendell Hamatani, miaka sitini na mmoja,
mrefu, mkavu, mshipi kwenye tundu la mwisho,
koti la mvua limekunjwa mapajani kama paka.
Nje, Seattle na mvua yake isiyo na haraka.

Damu ya kwanza ni ya njaa.
Nafunga mpira juu ya kiwiko,
mshipa unajitokeza, mtiifu.
Kisha nampa chupa: maji ya rangi ya chungwa,
sukari gramu sabini na tano, ayamalize kwa dakika tano.
"Tamu mno," anakunja uso,
"hata kwangu mimi niliyelelewa na soda."

Sasa tunasubiri.
Kuna fomu, na mimi hulipwa kuuliza.
Baba?
Alikuwa nacho.
Mama?
Alikuwa nacho, ila alikiita uchovu.
Kazi?
Miaka thelathini na mmoja nilichora mabawa ya ndege
nikiwa nimekaa.

Nusu saa. Damu ya pili.

Hili halimo kwenye fomu, analisema mwenyewe:
baba yake alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa
walipofungiwa Idaho, vumbi na seng'enge,
foleni ndefu, sahani ya bati,
viazi, nyama ya kopo, mkate mweupe, viazi.
"Aliingia na ulimi wa mama yake.
Alitoka na mwingine."
Huo wa pili ndio aliowarithisha wanawe.
Mwishoni walimkata mguu wa kushoto
akawa kila asubuhi anaulizia soksi ya pili.

Yupo binamu Kumamoto, babu mmoja, pua ileile.
Bado hulima mpunga, hupanda mlima kwenda kaburini
na hajui kongosho liko upande gani.

Saa nzima. Damu ya tatu.
Gari la dawa linapita kwenye ushoroba, gurudumu moja linalia.

"Lakini mimi si mnene," anasema,
na kweli, kwetu Korogwe angehurumiwa,
angeongezwa ugali bila kuulizwa.
Kwetu kitambi kilitembea mbele ya mwenyewe,
kikibisha hodi, kikipewa kiti.
Namgeuzia kioo cha kompyuta aone
picha waliyompiga Jumanne: tumbo lake,
pande moja tu, usawa wa kitovu,
mviringo kama nanasi lililokatwa.
Chini ya ngozi, utepe mwembamba.
Ndani, kuzunguka utumbo,
giza limejaa tele.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wakubwa.
Hawakuwa na mashine hii.
Hiki kimepita nguo, kimepita ngozi,
kimejenga kambi.

Anainama karibu, miwani inagusa kioo.
"Ipi hapa ni ya baba," anauliza, "na ipi ni yangu?"

Nimechoma sindano mikono mingi mno.
Naijua mishipa inayokimbia, naijua ya wenye kiu.
Hilo sijui.
Namwambia daktari atakuja saa tano,
naye anatazama saa yake, inayosema vingine,
ananisamehe.

Saa mbili. Damu ya mwisho.
Nabandika jina, naitikisa taratibu, ni joto mkononi,
na kwa macho haina tofauti na ile ya kwanza.

Anafungua mkoba. Mkewe amemfungia
tonge la wali, pembetatu, limevikwa mwani mweusi.
Analitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama picha.
Kisha analikata kwa kidole, kama mtu anayepima,
nusu ananipa.

Nilikuwa sijala tangu alfajiri.
Mamangu naye alikiita uchovu.
Wali mweupe, chumvi, na katikati
kitu kichachu kama ukwaju
kilichonifumba jicho moja.
Yeye akatafuna polepole, akihesabu kitu.
Nikafuta vidole,
nikamwita anayefuata.