Usawa wa Mto

Kantaben aliileta kwa toroli la mpagazi,
imefungwa shuka kama mgonjwa.
Mchwa walikuwa wamekula fremu pande tatu,
wa nne wakauacha;
sijui walishiba au waliona haya.

Nikailaza mezani, nikapangusa vumbi,
hili vumbi letu la Septemba liingialo hata ndani ya yai.
Chini ya kioo: mzee wa kifalme kitandani,
binti yake kakaa miguuni,
na mbali, ng'ambo ya maji, kijumba cheupe
kidogo kama jino la mtoto.
"Kaburi la mkewe," akasema.
"Mwanawe wa kumzaa ndiye aliyemfungia humo.
Siku zote hulitazama. Hapa anakufa."

Mbona rangi ni kama ukungu?
Mchoraji, akanieleza, alifundishwa na Waingereza
mafuta, vivuli, miili minene ya marumaru.
Akayaacha, akawarudia mababu.
Akawa anapaka, anaizamisha karatasi majini,
anaitoa, anapaka, anaizamisha tena,
mpaka rangi ikubali kukaa.

Nikacheka. Kwetu Chang'ombe, mama,
dumu moja tunalipanga foleni alfajiri;
picha hii ingetufilisi.
Kisha nikamkumbuka yule tembo wa hadithi
aliyekuja kunywa, tope likamshika,
wakasema *idodomya*, amezama,
mji ukabaki na jina la kuzama kwake.

"Huyo mchoraji alimwona wapi mfalme?"
Msanjila akauliza, mwanagenzi wangu, msumeno mkononi.
"Hakumwona. Ilishapita miaka mia mbili na zaidi.
Ila nchi yake nayo ilikuwa imefungiwa,
ufunguo mfukoni mwa mgeni.
Dirisha alilijua."

Nilipoitoa kwenye kioo nikaona vidoti,
vidogo, vimejipanga kama mtama shambani.
Imechapwa. Si kazi ya mkono.
Baba mkwe wake, karani wa reli,
aliitolea Kalkuta mshahara wa miezi miwili
kabla treni haijamshusha hapa, penye stesheni na mbuzi.
Nikanyamaza, nikachagua mninga.
"Najua," akasema Kantaben.
"Nyumba nzima tulijua. Hakuna aliyemwambia."

Mumewe hana kaburi.
Walimchoma kwa desturi yao,
majivu wakayapeleka Kizigo,
mwaka ambao Kizigo kilikuwa na maji.
"Mfalme ana cha kutazama," akasema.
"Mimi namtazama yeye, anavyotazama."

Jioni nikaitundika chumbani kwake, Barabara ya Saba.
Nikapiga msumari juu, mahali pa heshima,
juu ya kalenda ya duka la nafaka.
Hapana, akasema, ishushe.
Nikashusha.
Shusha tena, fundi, iwe usawa wa mto.

Sikuuliza mto upi.