Ya Nane, Bado

Umeandika kwenye fishi yangu: ana nafuu.
Ni kweli, muganga Zihindula. Sauti zimenyamaza.
Tangu mvua za mwezi wa tatu hakuna anayeniita
kutoka ndani ya gurudumu la cherehani
kwa Kimashi cha shangazi tuliyekwisha kumzika,
akisema: kata, Nabintu, kata tena,
mpaka kitenge cha bibi harusi wa Bagira
kikawa vipande vya upana wa kidole.
Lile deni bado nalilipa.

Basi nafuu ipo. Lakini fishi ina mistari mingi
na wewe umejaza mmoja.

Siku ile ulinichorea nyuma ya karatasi ya dawa:
kichwani mna vijilango, ulisema,
na mjumbe aitwaye dopamini hupita akipiga hodi.
Kwangu alipiga kama askari wa usiku.
Kidonge hiki ni ufunguo usiozunguka:
kinaingia kwenye tundu, kinakaa,
mjumbe akifika anakuta pamejaa.
Nikacheka. Mimi ni fundi, matundu nayajua.
Ila hukuniambia kuwa mjumbe ni yule yule
anayepeleka habari za mkono,
anayeyazuia maziwa yasishuke pasipo mtoto,
anayeleta hamu ya kuamka.
Tumemfungia mlango wa sebule,
kumbe na jikoni moto umezimika.

Nikueleze, uandike.

Mwezi wa kwanza, miguu. Nimekaa, yenyewe inatembea.
Kanisani nilisimama mara tisa kabla ya sadaka,
mama mchungaji akaniwekea mkono kichwani:
Roho amemshukia! Vigelegele vikapigwa.
Roho gani. Miligramu tano, asubuhi na jioni.

Mwezi wa pili, maziwa.
Nina miaka arobaini na moja, sijazaa,
na blauzi ya bluu ikalowa sokoni Kadutu
mbele ya wauza sambaza.
Wakanyamaza wote kwa pamoja, kimya chenye meno.
Usiku nililia, kisha, sijui kwa nini,
nikakishika kifua kama mtu anayebembeleza.
Hiyo usiiandike.

Halafu njaa. Dawa imenipa tumbo la watu watatu
na sufuria yetu ni ya mtu na nusu.
Halafu mate kwenye mto. Halafu uso:
mtoto wa jirani aliniuliza kwa nini nimekasirika,
nami nilikuwa namchekea.

Halafu mkono.
Fundi asiyeona hushona kwa kupapasa.
Asiyesikia hushona kwa kutazama.
Mkono ukitetemeka, atashona kwa nini?
Uzi unafika mlangoni mwa sindano, unasita,
unapita kulia, unapita kushoto,
kama mlevi anayetafuta kwake
kwenye ngazi za udongo, umeme umekatika.

Utaacha? umeniuliza. Niliwahi kuacha, unajua.
Siku kumi na mbili mkono ulitulia kama jiwe la kusagia.
Siku ya kumi na tatu gurudumu likaita jina langu.
Na, Mungu anisamehe, niliitika kwa furaha.

Sitaki kuacha. Nataka tupatane bei.
Punguza nusu, tuone. Nipe na kile kidonge kingine
kinacholegeza viungo, ingawa kinakausha ulimi.
Tupande kidogo, tushuke kidogo,
Bukavu hatujui njia nyingine ya kufika.

Asubuhi, kabla ya shule, Ansima wa dada yangu
hunitungia sindano kumi,
huzichomeka kwenye kipande cha sabuni
na mikia yao ya uzi, mweusi, mweupe, mwekundu.
Leo alichelewa, akatunga saba.
Ya nane nimeishika mwenyewe.
Ninayo hapa, imechomekwa ukosini.
Uzi umelowa mate, ncha yake imechakaa.

Kwa hiyo ile nafuu ifute.
Andika: ya nane, bado.
Na chini yake acha nafasi.