Kikohozi

Tangu Jumamosi, hapa kibandani kwangu Pasua,
hakuna aliyenunua muvi mpya.
Wanakuja, wanajaza benchi, wanaagiza chai ya tangawizi,
na kabla sukari haijayeyuka wameshaanza:
ule mwisho, ule mwisho.

Misimu saba. Mimi ndiye niliyewarushia,
flashi kwa flashi, mia tano kipande,
tangu Nahodha Irua aliposhika kinasa sauti
akaliambia giza la ng'ambo ya Zohali:
Tupo hapa. Je, nanyi mpo?
Tukangoja jibu pamoja naye.
Aikande alianza kungoja akiwa kidato cha pili,
sasa ana mapacha.
Kundaeli alingoja mpaka msimu wa tano, akatangulia.
Kreti ya soda aliyowekeana dau na Mshana
(Kundaeli: watajibu; Mshana: wapi!)
bado iko chini ya kaunta, ina vumbi.

Na jibu likaja, dakika ya mwisho kabisa.
Tupo hapa. Je, nanyi mpo?
Sauti ileile ya nahodha, imezeeka njiani.
Kisha kikohozi.
Kimoja. Kifupi.
Kisha majina yakaanza kupanda kwenye skrini.

"Mwangwi," asema Mshana, fundi redio, mtu wa nyaya.
"Sauti imegonga mahali ikarudi. Kule hakuna mtu.
Miaka yote hii tunaongea na ukuta!
Nirudishiwe hela zangu."

"Na kikohozi?" Aikande,
pacha mmoja mgongoni, mwingine kamwachia jirani.
"Nahodha hakukohoa msimu wa kwanza, nimerudia mara tisa.
Ukuta haukohoi, Mshana.
Mwenye kukohoa ana kifua,
mwenye kifua anajua baridi,
na pengine ana mtu wa kumwambia pole."

Wamekwenda hivyo siku nne,
wengine hawasalimiani tena sokoni Kiboriloni,
hadi leo asubuhi, Ombeni wa bodaboda,
ambaye hajaangalia hata kipande kimoja,
amekuja kuchaji simu tu,
akauliza: "Si ni DJ huyo?"

DJ yupi?

"Mtetemo. Anayewatafsiria.
Juni hii nani hana mafua?
Anarekodi chumbani kwake Njoro, dirisha bovu.
Kakohoa, kasahau kufuta."

Mshana akapiga meza: "Nilisema!"
(hakuwahi kusema).
Aikande akanyamaza kama mtu aliyegundua leo
kwamba barua za mchumba wake
ziliandikwa na mwenzake wa bweni.

Wakampigia DJ. Simu ikaita, ikaita.
"Msimu wa saba? Mimi nilikuwa na homa, ndugu zangu.
Sikumbuki hata nilichotafsiri."

Ndipo wakanigeukia.
Mama Flashi, wewe si unayo ile ya asili,
isiyotiwa sauti ya mtu?

Ninayo.
Niliisikiliza jana saa nane usiku, spika za masikioni,
taa nimezima, mbwa wa jirani wamelala.
Nimesikia nilichosikia.
Nikawaambia imeingia virusi, haifunguki.

Msiniulize kwa nini.
Kibo hakijatoka mawinguni wiki ya tatu sasa
na sijaona mtu anadai hela zake.
Na ile kreti, nikifungua mdomo,
ama Mshana anakunywa peke yake,
ama naibeba mimi mwenyewe kupanda Uru
nikamwagie Kundaeli pale migombani
Fanta moto, za miaka miwili.

Wakaanza upya. Ukuta, kifua, mafua, ukuta.
Chai ya tatu ikapoa.
Nje, nyuma ya pazia la turubai, mtu akapita njiani,
viatu vyake vikiburuza kokoto,
akakohoa.

Kimoja. Kifupi.

Benchi zima likageukia mlangoni.
Hata Mshana.