Bado Yumo

Jumamosi Kuu, Ndanda. Kengele za misheni
zimefunga mdomo tangu Alhamisi,
na mvua imeshika zamu juu ya bati.
Watoto watatu ndani, mtu mzima mmoja.
Hesabu hiyo najua inavyoishia.

Unga wa ngano, Bibi Matrida alishaukataa:
"Una fukusi huo, wamwagie kuku."
Nikauchekecha. Fukusi wakaenda zao ukutani,
wazito, hawana haraka, kama wageni waliokwisha kula.
Nikasema: leo tunafinyanga.

Vikombe viwili vya unga. Kimoja cha chumvi,
ile ya mawe, ya majaruba ya Lindi.
Skola akaitwanga kwa mchi unaomzidi kimo,
akihesabu mpaka kumi na nne, anarudi moja,
kumi na nne ndiyo namba aipendayo.
Mafuta, kijiko. Limau, nusu;
nusu ya pili Ditramu alishailamba,
jicho moja limefumba mpaka sasa.

Moto wa kubembeleza, mkaa umenyeshewa.
Uji. Uji mzito. Kisha kitu
kinachoukamata mwiko na kuuliza unakwenda wapi.
"Ugali!" akashangilia Gaudensi.
Si ugali. Hauliwi.
"Sasa unapikwa wa nini?"
Swali hilo nikaliacha kwenye mafiga.

Bibi hakuliacha.
"Unga hauchezewi," akasema kutoka mlangoni.
"Mwaka ule sisi tulichimba ming'oko
mpaka kucha zikaisha. Leo mnapika toi."
Sikuwa na jibu, nilikuwa na manjano:
nikaikunja ndani ya donge la kwanza.
Choya ikalipaka la pili wekundu wa ulimi uliokula pipi.
La tatu tukalipa maji ya kisamvu,
likatoka rangi ambayo hatujaielewa.
Mdalasini kidogo. Ufuta, konzi moja,
ili vidole vikutane na kitu njiani.

Gaudensi hapendi vinavyonata.
Akagusa kwa ncha ya kidole, akaondoa,
kama fundi anayejaribu pasi.
Likiwa vuguvugu, akagusa tena.
Kisha kiganja. Kisha mikono yote, mpaka viwiko,
na kwa robo saa nzima hakusema neno
mtoto anayesema hata usingizini.

Ndipo Bibi akaja "kuangalia chumvi".
Akakata kipande, akakiviringa nyoka mwembamba,
akamzungusha juu ya mgongo wake mwenyewe,
duara juu ya duara, akasugua kwa gunzi la hindi,
macho yako kwenye mvua, mikono haimuulizi kitu.
Mama yake, Mmakua wa Chiwata, alikuwa mfinyanzi;
hilo nililisikia siku hiyo, na si kwa mdomo.
Chungu kikasimama. Akatia kunde moja.
"Basi," akasema, "kimejaa."

Skola alitoa kuku wenye miguu mitatu ili wasianguke.
Gaudensi lori la korosho, magunia mengi kuliko lori.
Ditramu, huyu wa limau, kaburi:
pango la njano, jiwe la kisamvu mlangoni,
na ndani mtu, ufuta mbili ndiyo macho.
"Kesho alfajiri," akatuonya, "mtaona."

Alfajiri, kengele zimerudiwa na sauti zao zote,
tukachuchumaa watano mbele ya dirisha.
Ditramu akasukuma jiwe.
Jiwe limekauka, limeshikana na mlango. Halibiringiki.
Akasukuma kwa kidole gumba, kwa kijiko,
Bibi akampa kisu cha kumenyea muhogo.
Likabanduka, tap.
Akainama, akachungulia muda mrefu.

"Shangazi. Bado yumo."

Tulinyamaza kama watu waliochelewa mahali.
Skola ndiye aliyenyoosha mkono,
akamtoa, akampuliza vumbi la chumvi,
akamtia mfukoni mwa gauni jipya,
na tukaondoka kwenda misa, matope mpaka kifundoni.

Kwenye Aleluya ya tatu akanivuta kitenge:
"Amepotea. Mfuko umetoboka."
Ditramu alisikia.
Aliimba iliyobaki kwa sauti iliyowageuza watu wa mbele.