Mteremko wa Kimotho

Mmekuja na saa zinazohesabu mapigo ya moyo,
na baiskeli nyepesi hata mtoto angeziinua kwa kidole,
mnaniuliza mimi, fundi wa pancha hapa Lanet,
njia ipi inafika Dundori bila kugusa lami.

Ipo. Lakini kwanza kazeni boliti za keria.
A, hamna keria.
Basi kazeni mioyo.

Anzeni nyuma ya kinu cha posho,
mahali vumbi ni jeupe kama lililochekechwa
na tairi huzama kimya, kama mguu wa mwizi.
Msisimame kulipiga ziwa picha. Litawangoja.
Kila mtakapogeuka litakuwa limepungua,
mpaka libaki sahani moja iliyosahauliwa uani.

Kwa mama Wairegi shikeni kushoto.
Duka limefungwa tangu mwaka wa ile mvua kubwa,
lakini mbwa wake bado yuko kazini.

Kisha mpando. Udongo hubadilika rangi ghafla,
mwekundu, mzito, unang'ang'ania gurudumu
kama deni la karo.
Hapo ndipo gia zenu zitakapowafaa.
Sisi hatukuwa na gia. Tulikuwa na njaa,
nayo ina meno kuliko gia yoyote.
Saa kumi alfajiri tulipanda na mikebe mitupu
ikigongana nyuma yetu hadi majogoo wakatununia;
tukashuka imejaa, lita arobaini kila mtu,
nayo imenyamaza.

Ukungu wa huko juu haushuki wala hauondoki.
Husimama tu kati ya minji na viazi
kama mgeni asiyejua mlango ni upi.
Piteni. Pigeni kengele. Kuna watu ndani yake
na majembe yao.

Mkirudi, kwenye mikaratusi mitatu njia hugawanyika.
Ya kulia ni ndefu, ya ng'ombe, haina sifa.
Ya kushoto haishuki, huanguka:
mizizi, changarawe, kona tatu zilizobanwa na kingo.

Wewe wa helmeti ya manjano, Nyaruai, umecheka.
Umesema hiyo ndiyo mnayoitafuta.

Kimotho naye alicheka.
Ilikuwa Jumanne. Breki yake ya nyuma ilikuwa imekufa
nami niliifufua kwa kipande cha patipati
na waya wa seng'enge,
nikampiga begani: nenda, itashika.

Ilishika mara mbili.

Kona ya tatu maziwa yalifika kabla yake.
Yalishuka katikati ya njia, polepole, meupe,
yakipishana na mawe kwa adabu,
na mbwa wakaja,
na mtoto mmoja akaja na kikombe.

Hakufa. Msinitazame hivyo.
Goti lilikataa kukunjika, basi.
Yuko pale chini mteremko unapoishia,
anauza viazi kwa debe,
mguu ameunyoosha mbele yake kama kibao cha barabarani.
Atawauliza breki zenu ni za aina gani.
Mwonyesheni. Hupenda kuziminya, aziachie,
aziminye tena.
Akiuliza ni nani aliyezikagua
msitaje jina langu.

Au litajeni.
Miaka ishirini na sita natengeneza baiskeli za watu,
najua kila jiwe kutoka hapa hadi msituni,
na hiyo ya kushoto
sijaipita tena hata kwa miguu.

Haya, Nyaruai, leta yako kwanza.
Igeuze, kiti chini. Zungusha gurudumu.
Polepole.
Nyamazeni kidogo, nyie wengine.
Kuna kitu kinakwaruza.