Vipimo vya Uso

Marekani wanataka uso wa mraba.
Ujerumani wanaubana: milimita thelathini na tano kwa arubaini na tano.
Kanada ni wakarimu, hamsini kwa sabini,
ila kucheka hawataki, hata wao.
Hiyo ndiyo jiografia yangu. Sikufunzwa skuli.
Nimeisomea humu, duka la futi nane kwa kumi
nyuma ya soko la Mwembe Tayari:
shuka jeupe ukutani, taa mbili,
kitana kimefungwa uzi kwenye msumari
(cha kwanza, nadhani, kilipanda ndege).

Mbeyu alikuja mwanzo wa Machi,
ametoka zamu ya usiku Makadara,
viatu vya kazi mkononi, ndara miguuni.
"Ya Kanada," akasema, kama anayeagiza mkate.
Nikamwambia ainue kidevu, avue herini, masikio yaonekane.
"Kanada wana haja gani na masikio yangu?"
Sijui, bibi. Mimi hupiga tu.

Wiki mbili, huyo tena.
Kanada, kumbe, wataka pesa benki,
zilale miezi sita pasi na kuguswa.
Pesa gani hizo za kulala miezi sita Changamwe,
na karo ya wadogo zake, na kodi,
na mjomba anayefiwa kila mwisho wa mwezi?
Basi Ujerumani. Hao hawakuulizi pesa sana, wanakuuliza lugha.
Anasoma jioni, chumba cha ghorofani huko Nyali.
Kila kitu kina jinsia, akanambia:
meza mume, taa mke,
na msichana, sikia haya,
msichana si mke wala si mume.
Tukacheka. Nikabonyeza. Picha ikaharibika.
Nikapiga nyingine.

Mara ya tatu alikaa kitini bila kutaja nchi.
Akafungua daftari la hesabu, ukurasa umechorwa mistari:
mshahara, baridi, miaka mpaka upate karatasi,
nauli ya kurudi endapo simu italia usiku.
Jina moja la Ghuba lilikuwa limekatwa
kwa kalamu, mpaka ukurasa ukatoboka.
Hilo sikuliuliza.
Binamu yake Kadzo namjua, hupita hapa dukani,
mkono mmoja daima ndani ya leso.
Niliuliza safu ya mwisho, isiyokuwa na kichwa.
"Hiyo ni Mama," akasema.
Nchi zote zilikuwa zimepata sifuri.

"Na wewe? Ungechagua ipi?"

Watu huniuliza kana kwamba nimefika.
Ndani ya mtoto wa meza nina picha yangu,
mwaka wa tisini na saba, nywele zote kichwani,
kipimo cha Australia.
Nilimlipa wakala wa Barabara ya Digo.
Wakala alifika salama, nasikia.
Nikamwambia Mbeyu: nenda penye zamu fupi.
Haikuwa hekima. Ndilo lililonijia mdomoni.

Karatasi moja hutoa picha nne.
Ubalozi huchukua mbili, na wenyewe, kwa haraka zao,
husahau mbili zilizobaki.
Nina kopo la biskuti limejaa watu
ambao sijui walipokewa na nani.

Juzi mama yake akaja,
ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.
Anataka picha ya kutundika.
Nikamwaga kopo, nikachambua, nikamtolea binti yake:
yule wa Kanada, yule wa Ujerumani,
blauzi ile ile, kovu lile lile juu ya nyusi.
Akazisogeza moja moja karibu na jicho lililobaki zima.
Ile ndogo akanirudishia.
"Nikuzie hii," akasema, akigonga ya Kanada kwa ukucha.
"Hiyo nyingine wamembana."

Mbeyu yuko Ujerumani tangu Septemba.
Mama anajua, ndiye aliyemfungia mabumunda ya safari.
Sikusema kitu.
Nikakuza ile aliyoitaka
na fremu nikampa kwa nusu bei.